Taima ipi kwa sampuli 1,000 kwa sekunde kwenye ATmega328P?

fundi_waya:
Wakuu, nina bodi ya Arduino Uno (chipu ya ATmega328P, 16 MHz) inayopima umeme wa 50 Hz kupitia transfoma ndogo ya 9 V. Nataka sampuli 1,000 kwa sekunde, yaani 20 kwa kila mzunguko. Nimepanga Taima 1 hivi:

TCCR1B = (1<<WGM12)|(1<<CS11)|(1<<CS10);
OCR1A = 249;
TIMSK1 = (1<<OCIE1A);

Ndani ya ISR (kazi ndogo inayoitwa kila intarapti ikitokea) nageuza pini 8. Skopu inasoma 488 Hz badala ya 500, na volti za RMS (thamani fanisi ya AC) hazitulii. Nibaki hapa, nihamie Taima 2, au niachane na intarapti nitumie millis(), kihesabu cha milisekunde cha Arduino?

saketi_moja:
Hesabu yako iko sawa mkuu: 16,000,000 ÷ 64 ÷ 250 = 1,000. Tatizo ni TCCR1A, rejista nyingine ya mpangilio wa Taima 1, ambayo hujaigusa. Kabla setup() haijaanza, Arduino imeshawasha biti ya WGM10 humo ili analogWrite() ifanye kazi kwenye pini 9 na 10. WGM10 ikikutana na WGM12, taima inaingia hali ya PWM (mapigo yenye upana unaobadilika) ya haraka ya biti 8, inahesabu mpaka 255 badala ya kurudi sifuri ikifika 249. 16,000,000 ÷ 64 ÷ 256 = 976.56, nusu yake ndiyo 488 unayoiona. Sampuli 20 zinachukua ms 20.48 badala ya 20, ndiyo maana RMS inapanda na kushuka.

Anza na TCCR1A = 0; TCCR1B = 0; TCNT1 = 0; kisha mistari yako mitatu.

Rejista16:
Na usije ukatumia |= kwenye TCCR1B, maana inaongeza biti bila kufuta za zamani. CS11 na CS10, biti za kuchagua kigawanyo cha saa, zimeachwa na Arduino zikiwa 1. Siku ukiongeza CS12 kutafuta kigawanyo cha 256, zote tatu zinawaka na taima inaanza kuhesabu mapigo ya nje kwenye pini 5. Kama pini hiyo haina kitu, ISR haiitwi, au inaitwa ovyo kwa kelele za waya.

Kwenye ulinganisho: millis() haifai kabisa hapa. Taima 0 inayoiendesha inafurika kila ms 1.024, na ili kufidia, kila baada ya hatua 41 au 42 namba moja inarukwa. micros() ni afadhali, inakwenda kwa hatua za µs 4, lakini loop() ikikwama kuandika kwenye skrini ya I2C, sampuli zinapotea. Taima 2 inaweza: kigawanyo 64 huko ni CS22 peke yake, OCR2A = 249. Ila unapoteza tone() na PWM ya pini 3 na 11. Taima 1 inakunyima maktaba ya Servo na PWM ya 9 na 10. Huna servo? Baki ulipo.

fundi_waya:
TCCR1A = 0 imemaliza kazi, 500 Hz. Sasa analogRead() niiweke ndani ya ISR?

saketi_moja:
Itafanya kazi, lakini kila mara inakula kama µs 112 CPU ikisubiri tu. Mimi ningeacha taima yenyewe ianzishe ADC (kigeuzi cha volti kuwa namba): ADATE na ADIE kwenye ADCSRA, ADTS2 na ADTS0 kwenye ADCSRB, OCR1B = 249, halafu zima OCIE1A. Chagua chaneli kwenye ADMUX, matokeo uyasome ndani ya ISR(ADC_vect), na usiite analogRead() kwingine.

Kuna mtego mmoja. ADC inashtuliwa na bendera ya OCF1B (biti inayoonyesha taima imefika OCR1B) inapopanda. Isiposhushwa, utapata sampuli moja, kisha kimya. Ishushe ndani ya ISR hiyohiyo: TIFR1 = (1<<OCF1B);

Rejista16:
Jumla ya miraba ya sampuli, ya kukokotolea RMS, iwe volatile uint32_t, na loop() iinakili kati ya noInterrupts() na interrupts(). AVR inasoma baiti mojamoja. ISR ikiingia katikati, unabeba baiti za zamani pamoja na mpya, na RMS inaruka ghafla bila sababu inayoonekana kwenye skopu.