Naomba ushauri: jiko la kuchomea nyama kwenye gesi ya karavani, moto hafifu

Habari zenu wakuu. Nina jiko la gesi la kuchomea nyama lenye regulata yake (kifaa cha kupunguza presha ya gesi), nimeliunga kwenye koki ya nje ya karavani (nyumba ya kuvutwa na gari). Koki hiyo iko baada ya regulata kuu, hivyo gesi inafika ikiwa imeshapunguzwa presha hadi takriban kilopaskali 2.7. Moto ni mdogo mno, haukaribii hata wavu. Maungio yote nimeyapaka maji ya sabuni, hakuna povu. Jiko la ndani linawaka vizuri.

Nahisi regulata mbili zilizofuatana ndizo zinazobana gesi. Je, niitoe ile ya jiko la nyama, au tundu la nozeli (sehemu inayotoa gesi kwenye moto) litakuwa dogo kwa presha hiyo? Au ni salama zaidi kufunga tii (kiungio cha njia tatu) mtungini, kabla ya regulata kuu, nitumie mpira wa presha kubwa?