Mjadala: Je, ni halali kumuuzia mtoto kura ya kumpandisha msanii wake?

Wadau, hoja ninayoileta ni hii: kampuni inayoambatanisha kura za shindano la wasanii na bidhaa, ili shabiki azidi kununua hata kama bidhaa yenyewe haina kazi kwake, inafanya biashara halali au inawanyonya vijana? Mimi nasema inawanyonya, na lawama tunazowatupia mashabiki kwa kukosa akili zinamwacha muuzaji akihesabu fedha kwa utulivu.

Mei 2021 huko China ilisambaa video ya watu waliokaa kando ya mtaro, wakifungua chupa za maziwa moja baada ya nyingine na kuyamwaga. Walichokitaka ni vizibo tu, kwa sababu ndani ya kizibo mlikuwa na msimbo wa QR ambao ukisomwa kwa simu ulimwongezea kura mshiriki wa Youth With You, shindano la kuwatafuta wasanii wapya wa muziki. Shindano hilo lilirushwa na iQiyi, jukwaa la video mtandaoni, na mdhamini wake alikuwa Mengniu, kampuni ya maziwa. Sheria ya nchi hiyo dhidi ya upotevu wa chakula ilikuwa imepitishwa siku chache tu kabla, tarehe 29 Aprili. Mamlaka za Beijing zikalisimamisha shindano, fainali haikurushwa, na kampuni zote mbili zikaomba radhi. Hata hivyo, maziwa yale yalikuwa yameshalipiwa, na aliyeuza hakupungukiwa kitu yalipoishia mtaroni.

Japani walitangulia. AKB48, kundi la wasichana waimbaji, liliendesha uchaguzi wa wanachama wake kuanzia 2009 hadi 2018, tiketi ya kura ikiwekwa ndani ya CD, na matokeo ndiyo yaliyoamua nani asimame mbele katika wimbo unaofuata. Aliyenunua CD mia moja alikuwa na kura mia moja. Mwaka 2011 mwanachama wake Yuko Oshima, aliyeshika nafasi ya pili, aliwajibu waliolalamikia utaratibu huo kwa kusema kwamba idadi ya kura ni upendo wa mashabiki. Simlaumu, kwani naye alikuwa ndani ya mashine ileile. Lakini mtoto akishaamini kwamba upendo hupimwa kwa idadi, atajuaje kiasi kinachotosha?

Wanaonipinga husema kwamba hakuna anayelazimishwa, na kwamba mashabiki wengi ni watu wazima wanaotumia fedha zao. Kwa watu wazima nakubali, tena bila kinyongo. Lakini shindano la namna hii huwa na saa ya mwisho, orodha inayobadilika kila wakati, na mashabiki wenzako wanaouliza umechangia nini, na yote hayo yamepangwa na watu wazima wanaolipwa mishahara kwa kazi hiyo. Kijana wa miaka kumi na minne anayechukua fedha za nyumbani ili msanii wake asishuke nafasi hajafanya uamuzi huru kwa maana tunayoikubali katika mikataba mingine yoyote.

Hapo ndipo serikali ya China ilipogusa penye tatizo, kisha ikavuka mpaka. Agosti 2021 ilifuta orodha za kuwapanga wasanii kwa umaarufu na kuzuia watoto wasichangishwe fedha kwa ajili yao. Hilo naliunga mkono. Septemba ikapiga marufuku mashindano ya aina hiyo kabisa, na katika tangazo hilohilo ikakemea wanaume wanaoonekana wa kike kwenye televisheni. Hilo la mwisho lina uhusiano gani na mkoba wa mzazi? Ulinzi wa mtoto uligeuzwa kisingizio cha kuchagua sura za wasanii.

Kwa hiyo naomba wanaopinga wajibu jambo moja mahususi: ikiwa kila shabiki angekuwa na kura moja tu, isiyouzwa pamoja na kitu chochote, shindano lingepoteza nini zaidi ya mauzo?