Watoto wetu hawali nyama wala samaki, na Desemba tunaenda kwa mama mkwe

NyarMaragoli (mwenye uzi)

Hamjambo wazazi wenzangu. Mimi ni Mmaragoli, yaani Mluhya, nimeolewa Ujaluoni, Karachuonyo, na tunaishi Kisumu upande wa Mamboleo. Tuna kijana wa gredi ya nne na binti wa miaka minne. Kwetu hakupikwi nyama, kuku wala samaki. Maziwa na mayai tunatumia. Mume wangu aliacha nyama kabla hatujaoana, nami nikaacha baadaye kwa hiari yangu. Si ugonjwa, si ufukara, wala si dhehebu jipya kama mama mmoja alivyotangaza kwenye chama chetu cha akina mama. Kuchinja kunatukera moyo, basi. Watoto wamezaliwa wakakuta nyumba iko hivyo.

Siku za kawaida hatusumbuliwi. Taabu ni tukienda nyumbani. Kwa upande wa mume wangu, mtoto asiyekula samaki huonekana amelogwa. Kwa upande wangu nako wajomba wanauliza ni Mluhya gani huyu anayempisha kuku mezani. Hayo nimezoea kuyacheka. Lililonichoma ni la Pasaka. Wifi yangu alimwita binti jikoni, akamlisha omena, wale dagaa wa ziwani, kisha akamwambia, "Usimwambie mama." Usiku mtoto alikuja kuniambia akilia. Omena hazikumsumbua, alichoogopa ni kwamba amevunja siri ya shangazi.

Mama mkwe, ambaye namheshimu sana, alisema mbele ya wageni kuwa ninawanyima wajukuu wake chakula na kwamba kijana hatakuwa mwanamume kamili. Mume wangu alikuwepo. Alitazama simu.

Desemba tunaenda tena. Je, kuna jambo la kiafya ambalo kweli tunalikosea, au ni maneno ya watu tu? Na mama mkwe nimwambieje bila kuonekana nimesoma nikasahau adabu? Halafu majuzi kijana mwenyewe ameniuliza kuku ana ladha gani. Hapo nilikosa la kusema.

Janam

Kisumu! Ziwa liko pale, samaki aina ya ngege wanakaangwa ufuoni, na watoto wanakula ndengu. Mimi sina ushauri. Desemba hiyo nielekezeni njia ya Karachuonyo, fungu la watoto litapata mwenyewe.

Mama_Migosi

Janam, dada ameleta jambo zito, wewe unatafuta sahani.

Mwenye uzi, la wifi usilichekee. Mtoto kufundishwa na mtu mzima kuwaficha wazazi wake ni hatari, iwe ni omena au peremende. Leo ni shangazi, kesho ni mtu mwingine na jambo jingine kabisa. Mwite wifi pembeni umwambie hilo moja tu. Nyama usiitaje, maana ukiitaja mtaishia kubishana juu ya nyama.

Muuguzi_wa_Nakuru

Nafanya kazi kliniki ya watoto hapa Nakuru, kwa hiyo nishike swali la afya. Maziwa na mayai yakiwepo mezani, sehemu kubwa ya hofu yangu inaondoka, maana vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Sukuma, mrenda, maharage, mtoto ale kwa debe, hataipata humo. Mngekuwa mmeacha hata maziwa na mayai ningekwambia bila kuzunguka: mtafutie vitamini hiyo ya dukani kwa ushauri wa daktari, na usisubiri dalili, kwa sababu mwili hutumia akiba yake kimyakimya na upungufu unaweza kujitokeza mishipa ya fahamu ikiwa imeshaanza kuumia.

Kwako wewe naogopa zaidi damu. Madini ya chuma ya kwenye mboga na nafaka hufyonzwa kwa shida kuliko yale ya nyama. Loweka maharage usiku kucha na umwage yale maji. Wimbi uuoteshe kabla ya kusaga, au uji uuchachushe. Kwenye mlo huohuo kuwe na limau, nyanya au pera. Na chai! Watu wa magharibi mnampa mtoto chai kwa kila kitu. Ikinywewa pamoja na chakula inazuia chuma kuingia mwilini, kwa hiyo ikae mbali na mlo, saa moja au mbili.

Unga nao. Tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano unaosagwa viwandani uongezwe vitamini na madini. Tafuta alama ya kuongezwa virutubishi kwenye pakiti. Wa posho mill, ile mashine ya kusagia ya mtaani, hauongezwi kitu. Siisemi vibaya posho mill, hata mimi nasaga huko, ila mimi nakula nyama.

Tena mtoto wa Kisumu akipauka usikimbilie kulaumu ndengu. Malaria na minyoo ya safura humaliza damu ya watoto wa kanda ya ziwa, wawe wanakula nyama au hawali. Apimwe damu. Binti bado yuko kwenye umri wa matone ya vitamini A ya kila miezi sita, na ana kijitabu cha kliniki. Apimwe uzito na urefu, muuone ule mstari wake unapandaje. Kijitabu hicho ndicho cha kwenda nacho kwa mama mkwe, kuliko hoja zako zote.

BabaPacha_Kitale

Muuguzi umekuwa mpole mno. Kuna utafiti wa hapahapa Kenya, uliofanywa Embu kuanzia 1998 hadi 2000, katika shule za msingi 12. Watoto wengine walipewa githeri (mahindi na maharage) yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa kitu. Waliokula nyama ndio walioongoza kwenye mitihani ya kufikiri, misuli ya mikono iliongezeka, na uwanjani walichangamka kuliko wenzao. Dada, msimamo wako nauheshimu, lakini ubongo wa mtoto si wa kufanyia majaribio.

Muuguzi_wa_Nakuru

BabaPacha, utafiti huo naujua na umeueleza sawasawa, ila kuna kipande umekiacha. Watoto wale nyumbani walikuwa wakila mahindi na maharage karibu kila siku, nyama na maziwa kwa nadra, na wengi walikuwa na upungufu wa B12 kabla ya kuanza. Waliopewa maziwa, B12 yao ilipanda pia, na wale wadogo waliokuwa wamedumaa walirefuka zaidi. Ninachokitoa hapo ni kwamba githeri peke yake haimtoshi mtoto. Hilo ni onyo hata kwa mwenye uzi: mwezi ambao maziwa na mayai yataadimika kwa ajili ya karo, asijidanganye kwamba sukuma imeziba pengo.

Mtoto_wa_Reli

Dada, mimi ni Mhindi wa hapa Kisumu. Reli ilifika 1901, wazee wetu wakafungua maduka, na nyumbani kwetu hakuna aliyekula nyama kuanzia kwao hadi kwa wanangu. Wala hakuna anayetuuliza. Watu husema "hao ni Wahindi," yakaisha. Wewe unaulizwa kwa sababu unatazamiwa kufanana na wenzako, na hilo mimi sikulipitia, kwa hiyo la mama mkwe nawaachia wengine.

La jikoni naliweza. Kwetu mtoto hapewi ugali na sukuma halafu tukasema amekula. Kuna ndengu au mbaazi, chapati, kikombe cha mtindi, kachumbari iliyokamuliwa limau, na karanga za kutafuna jioni. Wengi ninaowaona wakiacha nyama huiondoa tu kwenye sahani, na pale ilipokuwa hawaweki kitu. Hao ndio wanaokonda, kisha lawama zinatuangukia sote.

Mwalimu_Mstaafu_Mbale

Binti yangu, hao wajomba wanaouliza ni Mluhya gani asiyekula kuku, wewe waulize kama bibi zao walimla. Zamani kwetu mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Alimfuga, akampika, bakuli likapita mbele ya pua yake kwenda kwa wanaume, na firigisi ikawa ya mwenye mji. Bibi yangu amekufa hajaonja paja. Na hakuna aliyethubutu kusema wanawake wale hawakuwa na nguvu, maana mashamba yote waliyalima wao. Sisemi mila ile ilikuwa njema. Ilikuwa uchoyo wa wanaume. Lakini anayekwambia kwamba tangu zamani kila Mluhya alikula kuku, huyo hakumwuliza bibi yake.

Sasa Karachuonyo. Wasabato wako huko tangu misheni ya Gendia ilipoanzishwa 1906. Ikiwa mama mkwe wako ni wa kanisa hilo, basi nguruwe hali, na samaki aina ya mumi hali kwa kuwa hana magamba. Hakuna mgeni anayemsukumia sahani ya mumi akimwambia atadhoofika. Kwa hiyo kukataa chakula kwa ajili ya moyo wake anakujua, tena kuliko wewe. Mlango wa kuingilia ni huo.

Ila usiingie wewe, aingie mwanawe. Mke akisema "wanangu hawali," tayari ni vita. Mwana akisema "Mama, mimi ndiye niliyeamua," ugomvi unahamia kwake, na mama hagombani na mwanawe kwa muda mrefu. Lakini lazima kwanza aweke simu chini.

Dani_wa_Ahero

Mimi ndiye mama mkwe mnayemsema. Si yule wa Karachuonyo, lakini nina mkaza mwana wa aina hiyohiyo, na mwanzoni nilimkasirikia kwelikweli. Jogoo nimemfuga tangu Agosti, nikimtupia mahindi namwambia wewe ni wa mjukuu wangu. Siku wanafika naambiwa hawali. Mimi niwape nini? Ulizeni hilo kabla ya kunihubiria habari za vitamini.

Nililainika pale aliponipigia mapema, kabla ya sikukuu, akaniuliza kama naweza kuwapikia watoto osuga (mnavu) iliyolala na maziwa, na nyoyo, ile githeri ya kwetu, yenye karanga, kwa sababu akiipika yeye watoto wanasema si kama ya dani, yaani bibi. Kama alikuwa anadanganya, alidanganya vizuri. Siku hizi wakija mimi ndiye ninayejua wanachokula, na shangazi yeyote akileta ujanja jikoni mwangu namtoa mwenyewe. Jogoo nauza.

Karani_wa_Kakamega

Swali la kijana mmelikwepa. Mimi nililelewa bila nyama na mama mkali. Nikafika shule ya bweni nikawa nakula nyama ya Jumamosi kwa kujificha, na utamu wake ulikuwa ni ule wa kuibia. Mwambie kijana ukweli kwamba wengi wanaiona tamu. Mwambie kwa nini ninyi hamli. Halafu apewe ruhusa ya kuonja kwa bibi yake, mbele yenu. Asipopenda, amechagua mwenyewe. Akipenda, nyumbani haipikwi, huko nje ajiamulie.

Mama_Migosi

Karani, gredi ya nne ni mtoto. Ukimwachia achague kuku atachagua na kutooga.

Karani_wa_Kakamega

Wangu wanaoga. Mmoja anakula kuku, mmoja hali. Hatujawahi kugombana mezani.

NyarMaragoli (mwenye uzi)

Nimesoma yote, na mume wangu nimemsomea kwa sauti, hata kile kipande cha simu. Alicheka, akanyamaza, kisha akasema Jumapili atampigia mama yake mwenyewe. Mzee wa Mbale, naam, ni Msabato na mumi hamgusi. Mume wangu anasema hata sufuria iliyopikiwa mumi haiingii kwao.

Kliniki tunaenda wiki hii, watoto wote wawili, na damu itapimwa. Chai pamoja na chakula ilikuwa kawaida yetu asubuhi na jioni, na kuanzia leo inakaa mbali. BabaPacha, sijakupuuza, mtindi na mayai nimeviandika juu ya orodha ya soko, juu ya sabuni. Wifi nitamwambia la siri peke yake.

La kijana bado hatujaelewana. Mimi naegemea kwa Karani, baba yake anataka tungoje akue kidogo. Tutakwenda Desemba hivyohivyo tukiwa hatujakubaliana.

Dani, nikuulize kitu. Osuga yangu, maziwa huwa yanakatika. Unayatia lini?

Dani_wa_Ahero

Siku ya kwanza usitie. Chemsha na chumvi ya majivu, umwage maji yenye uchungu, iache ilale. Kesho yake ndipo utie maziwa kidogo kidogo, moto mdogo, na usiondoke jikoni. Siku ya tatu ongeza malai.

Lakini mama mkwe wako usimwambie kwamba umeshajua.