Presha 152/96 na nina miaka 36, naweza kuishusha bila vidonge?

Mtunza Stoo:
Wakuu habari za saa hizi, naombeni ushauri kwa aliyepitia hii kitu. Juzi nimeingia duka la dawa kumchukulia mtoto dawa ya kikohozi, binti wa dukani akaniambia kaka tunapima presha buku tu, nikasema poa nipime nijifurahishe maana mi naumwa nini. Ikatoka 152/96. Akarudia ikaja 150/95 akanyamaza. Kichwa hakiniumi, kizunguzungu sina, nalala fresh kabisa.

Kinachonitisha ni ukoo. Baba mdogo alidondoka bafuni akiwa na miaka 51, mdomo ukaenda upande, siku mbili tuko nae nyumbani watu wanasema kachezewa, huyu analeta kombe, yule analeta hirizi, hospitali tunafika siku ya tatu tunaambiwa kiharusi na presha iko juu sijui tangu mwaka gani maana hakuwahi kupima hata siku moja. Miezi minne kitandani tukazika.

Maisha yangu ya kila siku: asubuhi chai na chapati mbili, mchana wali maharage kwa mama ntilie na soda, usiku chipsi mayai nikichelewa kurudi, kazi ni kukaa kwenye kiti Kariakoo nahesabu mzigo wa watu, wikiendi bia nne tano. Sigara sivuti. Inashuka bila dawa hii? Nasikia ukianza vidonge ndo basi tena.

Nesi wa Zamu:
Pole kaka. Kwanza hiyo namba usiilalie bado, pima upya na upime vizuri. Watu wanaingia dukani jasho linatoka, wametoka kukimbilia daladala, wanapimwa huku wanapiga stori, mkanda umefungwa juu ya shati. Hapo lazima ije juu. Kaa dakika tano kimya, umeegemea, miguu yote chini usikunje nne, mkojo usiwe umekubana, kahawa na sigara iwe imepita nusu saa, mkono wazi uwekwe mezani usawa wa moyo. Na kama una mkono mnene na mkanda ni mdogo namba inadanganya kwenda juu. Rudia siku tofauti, ikija 140/90 au zaidi tena na tena basi ni presha kweli, nenda zahanati usimalizane na duka.

Hilo la kwamba huumwi lisikupe raha, karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajijui, na wengi niliowapokea mimi wamejulia wodini. Na kwa faida ya wengine wanaosoma hapa: uso ukipinda ghafla, mkono mmoja ukikosa nguvu, maneno yakianza kuchanganyika, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. Kombe mtakunywa mkirudi.

Chuma Hakioti:
Babu yangu kala chumvi na nyama choma kafika 91. Kufa kupo tu wakuu, mnajitesa bure

Mama Samli:
@Chuma Hakioti babu yako alikua anaenda shamba kwa mguu na kurudi, wewe unachukua boda kwenda dukani. Na wenzie waliokufa na 50 hukuwaona ndo maana huwahesabu.

Mtunza Stoo mdogo wangu, mume wangu ana presha mwaka wa sita huu, nikupe ya jikoni. Mimi nilikua naapa kwangu chumvi ni kidogo. Siku moja nikafungua paketi ya nusu kilo nikaiandika tarehe kwa kalamu, ikaisha siku ya 12, tuko wanne ndani. Piga hesabu, ni gramu 10 na kitu kwa kila kichwa kwa siku, wakati Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifike hata 5, yani kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima vyakula vyote! Na hapo sijaweka anachokula huko nje. Halafu kuna chumvi ambayo hatuiiti chumvi: magadi ya kwenye makande na mlenda, vile viungo vya paketi vya mchuzi, papa na ng'onda (mimi wa Tanga usiniambie niache papa, nalowesha usiku kucha namwaga maji mara mbili). Chipsi ndo usiseme, jamaa ananyunyiza kwenye karai, ananyunyiza kwenye sahani, wewe unamalizia na tomato.

Nikaanza kupunguza kidogo kidogo, ndimu, pilipili, kitunguu saumu, bizari ikaongezeka. Wiki mbili za mwanzo baba watoto anasema mchuzi wa wodini huu, baadae ulimi ukazoea, sasa akila kwenye harusi analalamika pilau la chumvi. Paketi sa hivi inafika siku ya 22. Soda nayo achana nayo, chupa moja ina sukari kama vijiko nane tisa vya chai, ungevitia kwenye kikombe wife angekushangaa.

Fundi Bomba:
Mi naongelea vidonge tu. Nilianza nikiwa na 44, baada ya miezi nikapima 124/80 nikasema nimepona nikaacha, hela ya dawa nikawa naweka kwenye vocha. Miezi mitatu mbele niko juu ya ngazi jicho moja likawa linaona ukungu, nikashushwa, kwenda kupima 190/110. Daktari akaniambia ile 124 ilikua ya dawa, haikua yako. Kwaiyo mkuu ukiambiwa jaribu msosi na mazoezi kwanza jaribu, ila ukiambiwa meza, meza.

Mtunza Stoo:
Mrejesho. Nimepima siku tatu tofauti zahanati kama alivosema dada nesi, zimekuja 148/94, 144/92, 146/92. Daktari kanipa miezi mitatu bila dawa, nipunguze chumvi, pombe na tumbo, halafu nirudi. Sa hivi nashuka Rangi Tatu natembea mpaka Charambe jioni kama nusu saa hivi, bodaboda wangu kaninunia. Bia nimebakiza mbili, hapo ndo pagumu sitawadanganya. Mama ntilie nimemwambia anipakulie asiongeze chumvi akaniuliza kwa sauti mbele za watu "mwanangu una sukari?"

Ila kuna mtihani mwingine, mzee wangu ana 63, kaka wa marehemu, hajawahi kupima. Nimempigia simu kasema akipimwa ndo ataanza kuumwa. Mnawapelekaje hawa?

Nesi wa Zamu:
Mwambie mgonjwa ni wewe, unaogopa kwenda peke yako akusindikize. Mkifika mwite pembeni nesi aliyepo, tunaanzaga kumpima msindikizaji.