Taroti ya duara: nianze na kitabu, na karata za 1909, au na macho tu?

BintiNgamiani (Tanga)

Wakuu, habari za jioni. Mama mdogo alirudi safari mwezi uliopita akaniletea kasha la karata za taroti, zile za picha ambazo wengine huzitumia kutazamia, na tangu siku hiyo nalala nazo kichwani. Nilishazizoea zile za kawaida, zilizotoka London mwaka 1909, A. E. Waite akizipanga na Pamela Colman Smith akizichora. Hizi ni Motherpeace, kazi ya Vicki Noble na Karen Vogel wa kule Berkeley, California, na zilichapishwa 1981. Hesabu ni ileile, 78: kubwa 22, na ndogo 56 zilizogawanywa makundi manne. Kilichonivuruga ni umbo. Ni duara kamili, pana kuliko kiganja changu. Kuzichanga mkononi siwezi, zinateleza zinamwagika. Nazitandaza mkekani nazivuruga kwa mikono miwili kama mtu anayeanika dagaa.

Halafu duara haina juu wala chini. Karata ya pembe nne inakaa wima au kichwa chini, basi. Hii inaweza kulala ubavu, ikainama kidogo kulia, kidogo kushoto, na waliozitengeneza walitaka mwinamo huo nao usomwe.

Naona njia tatu za kuzizoea. Nisome kwanza kitabu chake chote. Au kila karata niiweke kando ya mwenzake wa 1909 nione kilichobadilika. Au nifunge kitabu, kila asubuhi nitoe moja, niitazame, niandike daftarini. Njia ya kwanza nimeijaribu, nikakwama karata ya tisa. Aliyewahi kuzoea karata za namna hii alianzaje?

Mchoraji_Dunda (Bagamoyo)

Dada, funga kitabu. Mimi taroti siisomi kwa lolote, ila nachora, na picha nazipenda kuliko chakula. Mwalimu wangu wa kwanza hapa Bagamoyo alikuwa anatukalisha mbele ya picha saa nzima kabla hajatutajia nani kaichora. Ukishatajiwa, macho yanaacha kufanya kazi.

Nitakupa mfano. Tafuta karata namba 0, Mpumbavu. Kwenye ile ya 1909 ni kijana amesimama ukingoni mwa genge, ana kifurushi begani, ua jeupe mkononi, mbwa mdogo anamrukia miguuni. Yako je? Anatembea kwa mikono, miguu hewani. Sasa iweke juu ya meza, izungushe polepole. Karata ikiwa wima, yeye yuko kichwa chini. Ukimsimamisha yeye kwa miguu, dunia nzima inapinduka. Mchoro huo kwenye karata ya pembe nne ungekuwa mzaha wa sarakasi tu, lakini kwenye duara unakulazimisha uamue mwenyewe juu ni wapi. Jambo hilo mkono wako utakufundisha kabla ya kitabu.

Na ukimtaja Pamela mheshimu sana. Alizaliwa London 1878, sehemu ya utoto wake ikapita Jamaika, na alipomaliza zile karata alimwandikia Alfred Stieglitz, mpiga picha wa Marekani, kwamba amefanya kazi kubwa kwa pesa kidogo mno. Hata zile ndogo, karibu zote alizipa watu na matukio. Sisi wachoraji tunajua maana ya kazi hiyo.

KipepeoMuheza

Kaka Mchoraji umesema vizuri, lakini mimi nakataa. Macho matupu yanakurudishia hali yako mwenyewe. Ukiamka na huzuni, kila karata ni msiba. Nilifanya hivyo miezi miwili na karata nyingine za wanyama tu, daftari likajaa mimi, karata zenyewe sikuzijua.

Binti, shika njia ya pili. Karata yoyote isiyo ya kawaida ni mtu anayebishana na mzee wake. Usipomjua mzee, ubishi huusikii. Hata Waite alibishana: kwenye karata za kale za Kifaransa, za Marseille, Haki ni namba 8 na Nguvu ni 11. Yeye akazibadilishana nafasi, Nguvu ikawa 8, Haki 11. Usipoziweka pamoja hutajua kama kuna jambo limefanyika.

Uliposema umekwama karata ya tisa nilicheka kwa furaha, kwa sababu hapo ndipo ubishi ulipo wazi. Ya 1909 ni mzee mwanamume peke yake juu ya theluji, taa mkononi. Kwenye yako ni Bikizee. Jambo ni lilelile, mtu aliyejitenga akaona njia, ila amevaa mwili mwingine. Nenda namba 13 pia. Ya London ni mifupa iliyovaa deraya juu ya farasi mweupe, mfalme kaanguka chini ya kwato, askofu kasimama anaomba. Ya kwako ina nyoka anayejivua gamba. Ziweke kando kwa kando dakika tano. Katika moja mauti yanakuja na bendera kutoka nje, katika nyingine yanafanyika ndani ya mwili unaoendelea kuishi. Tofauti hiyo nisingeiona kwa kutazama moja tu, na ukurasa wa kitabu ungenipa neno bila kunipa mshtuko.

Mzee_wa_Baraza (Tanga)

Wanangu, nimewasoma. Taroti siijui, karata nazijua. Nimecheza arubastini kwenye baraza za Ngamiani tangu ndevu hazijaota. Binti, hebu nitajie hayo makundi yako manne yanaitwaje.

BintiNgamiani

Shikamoo mzee. Kwenye kitabu ni fimbo, vikombe, panga na visahani. Kwenye zile za 1909 visahani vimechorwa kama sarafu.

Mzee_wa_Baraza

Marahaba. Basi unahangaika kutafsiri kitu ambacho bibi yako alikuwa nacho mdomoni. Sisi tunasema shupaza, kopa, uru, pau. Maneno hayo ni ya Wareno, waliofika pwani hii 1498 na kukaa karne mbili. Kwao espadas ni panga, copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, paus ni fimbo. Ni panga zako, vikombe vyako, sarafu zako, fimbo zako.

Tangu utoto nilikuwa najiuliza, karata ina moyo mwekundu, kwa nini tunaiita kopa? Ni kwa sababu picha tunayochezea siku hizi ni ya Kifaransa, jina ni la zamani zaidi, la karata zilizokuwa na kikombe kweli. Picha ilibadilika, jina likabaki. Na pau, ukikumbuka pau za kuezekea, fimbo hutaisahau.

Kuna jingine. Zile 22 kubwa zinazowatisha watu, unajua ni nini? Turufu. Wareno husema trunfo, na Waitaliano wa karne ya 15, walioanza mchezo huu wa taroti, waliziita trionfi. Zilikuwa karata za kuzila nyingine, kama sisi tunavyouliza "turufu ipi?" kabla ya kutupa ya kwanza. Kwa hiyo Mauti ni turufu, Bikizee ni turufu. Ukiwaita hivyo wanapungua ukali, unawakaribia.

Karata za picha nazo tunaziita mzungu. Mzungu wa nne ni mfalme, ana pointi nne. Wa tatu ni ghulamu, pointi tatu. Wa pili ni malkia, pointi mbili. Kwetu ghulamu anamla malkia. Kwako wamepangwaje?

BintiNgamiani

Mzee, hapa nilipo nimesimama! Zile za 1909 ni wanne: mtumishi, askari wa farasi, malkia, mfalme, na malkia yuko juu ya askari. Za duara hazina mfalme kabisa. Ni Binti, Mwana, Kuhani wa kike, na Mganga. Yaani barazani ghulamu anamla malkia, London malkia anamzidi askari, Berkeley kiti cha enzi kimeondolewa. Nimepata ulinganisho wa mitaa mitatu badala ya miwili.

Abu_Raskazone

Assalaam alaykum. Dada yangu, nasema kwa mapenzi. Kupiga ramli na kutazamia ni jambo tulilokatazwa, iwe kwa mchanga, kwa bao au kwa makaratasi ya Wazungu. Nafsi huanza na picha, ikaishia kuuliza kesho.

BintiNgamiani

Waalaykumu salaam, kaka Abu. Nakushukuru, na sikulichukulia vibaya. Mimi kesho siiulizi, wala simtolei mtu karata kwa pesa. Nazitazama kama nitazamavyo picha, naandika ninachofikiri. Na kihistoria zilianza kuwa mchezo. Kutazamia kwa taroti kulienea mwishoni mwa karne ya 18, wakati mwandishi Court de Gébelin huko Paris alipoandika 1781 kwamba ni siri za Misri ya kale. Hakuwa na ushahidi wowote.

Abu_Raskazone

Nimekuelewa, na msimamo wangu haujabadilika. Ila ulichosema kuhusu pesa, kishike hichohicho. Mwenye shida akija na machozi yake usimtandazie karata, mpeleke kwa watu wazima wamsikilize.

Mchoraji_Dunda

Hilo la Abu naliunga mkono. Kipepeo, nami nimerudi kukubali nusu. Nimetazama zile mbili za Mauti ulivyosema, kweli zinasemezana. Lakini Binti asianze na zote mbili asubuhi. Aitazame ya duara peke yake kwanza, akishaandika ndipo alete ya 1909. Ukizileta pamoja toka mwanzo unabaki kutafuta makosa kumi kama mchezo wa gazetini.

KipepeoMuheza

Nakubali hiyo. Na mwinamo usiuandike mwezi wa kwanza. Hujamjua mtu akisimama, utamjuaje akiinama?

Mchoraji_Dunda

Hapo hapana. Mwinamo ndio karata yenyewe. Ukiinyoosha kila mara umeirudisha kwenye pembe nne.

Mzee_wa_Baraza

Binti, zinagandana? Masika hii unyevu wa bahari hauachi karatasi. Sisi tunanyunyiza poda kidogo, unafuta na kitambaa kikavu. Usizipeleke kwenye plastiki.

BintiNgamiani

Mzee, umechelewa kwa karata moja. Nilipeleka pau ya saba steshenari wakaipiga plastiki, ikarudi na kiputo katikati na ukingo mnene. Sasa nikizivuruga mkekani vidole vinaitambua, naikwepa bila kutaka. Zilizobaki nimezipaka poda.

BintiNgamiani (wiki mbili baadaye)

Nimerudi kama nilivyoahidi kwenye inboksi. Asubuhi natoa moja, naitazama kitabu kikiwa kimefungwa, naandika mistari michache. Jioni naleta ya 1909 naiweka kando. Kitabu nakifungua Ijumaa tu, nakisoma kwa karata saba za wiki. Daftarini nimefuta fimbo na visahani, naandika pau, kopa, shupaza, uru. Siku ya tatu tu niliacha kuchungulia karatasi ya majina. Kuhusu mwinamo, Kipepeo unisamehe, nimemfuata Mchoraji, na sababu ni bibi.

Ijumaa alikuja kukaa nami mkekani, akaiona Bikizee. Hakuuliza ni karata gani. Aliishika kwa vidole viwili, akatazama fimbo aliyoshika yule mzee, akatazama mkongojo wake mwenyewe uliolala kando. Kisha akaiweka chini akaizungusha kidogo kidogo, kama anayetafuta stesheni ya redio, mpaka ile fimbo ikaelekea mlangoni. "Hapo," akasema, "sasa anakwenda." Akaendelea na kahawa yake.

Nimeandika tarehe, jina, na kamchoro ka mwinamo ule ulivyokuwa. Mzee, poda imefanya kazi, hazigandani tena.