Binti kapata divisheni 2, mimi nataka advansi (kidato cha tano na sita) yeye anataka chuo. Hapo nani aamue?

Baba Binti wa Kimara

Wakuu salaam. Kuna jambo linaninyima usingizi tangu Baraza la Mitihani, NECTA, watoe matokeo ya kidato cha nne mwezi Januari. Binti yangu kapata divisheni 2 ya pointi 19. Biolojia B, kemia B, Kiswahili B, fizikia C, jiografia C, uraia C, Kiingereza D. Hesabu F, ila hiyo tusiiongelee sana.

Siku ya matokeo nilinunua kreti ya soda, majirani wakaja, mi kichwani tayari nishaiona PCB (fizikia, kemia, biolojia), nishaiona Muhimbili, nishaona koti jeupe. Selfomu, ile fomu ya machaguo, mwaka jana aliijazia shuleni lakini PCB namba moja ni mimi niliyemwambia aandike, sifichi. Sasa juzi tunakula ananiambia baba mi advansi sitaki, nataka diploma ya maabara chuo cha afya. Nikacheka nikajua utani, kumbe mwenzangu yuko siriasi.

Hoja yangu ni hii. Ada ya kidato cha tano na sita serikali ilishaifuta tangu 2022/23. Chuo binafsi cha afya ni zaidi ya milioni kwa mwaka, hapo hujagusa hosteli, sare wala nauli ya kwenda vitendo. Yaani mtoto kafaulu, anasomeshwa bila ada, halafu mi niache hiyo nikatafute ya kulipia? Na miaka 17 anayajua maisha gani? Naomba tujadili bila matusi, mfumo wa TAMISEMI ukifunguliwa watoto wabadilishe machaguo nataka niwe nimeshaamua.

Mwl wa Hesabu Mbagala

Mzazi hongera kwa binti, ila hiyo F uliyosema tusiiongelee ndo naanza nayo. PCB ina BAM ndani yake, yaani hesabu za msingi za advansi. Watu wanakimbia hesabu wanaenda PCB wakidhani wamepona, Agosti tu wanakutana na kalkulasi. Najua utasema BAM ni sabsidiari haihesabiwi kwenye pointi za kombi, kweli haihesabiwi, lakini muda inakula na moyo inakula. Na fizikia ya advansi yenyewe ni hesabu iliyovaa kanzu. Mtoto mwenye C ya fizikia na F ya hesabu anaweza kutoboa, nimewaona, ila waliotoboa ni wale walioitaka wenyewe PCB. Waliopelekwa sijawaona.

Halafu niwaseme wazazi kidogo. Mwaka mzima wa kidato cha nne mzazi namuona mara mbili, kwenye kikao cha michango ya kambi ya masomo na siku ya mahafali na keki. Siku ya kujaza selfomu darasa la watoto 90 nalisimamia peke yangu, mtoto anaandika EGM (uchumi, jiografia, hesabu) kwa sababu aliyekaa naye dawati moja kaandika EGM. Karatasi hiyo inaamua miaka kumi ya mtu na inajazwa kwa dakika arobaini.

Mzee wa Tegeta

Mimi niko na baba Binti. Mnadanganya watoto na njia za mkato. Cheti cha kidato cha sita ni cheti cha heshima, kinafungua milango yote, leo akitaka udaktari, kesho sheria, keshokutwa jeshi. Ukishamfunga kwenye maabara akiwa na miaka 17 akifika 25 akagundua hapendi damu mtamwambia nini? Sisi tulichaguliwa na wazazi na tumefika. Mtoto haachiwi usukani wa gari asilolilipia mafuta.

Mama Wawili

Shikamoo mzee wangu. Naomba nikujibu kwa heshima maana hili limenikuta. Mwanangu wa kwanza 2021 nilimlazimisha PCM (fizikia, kemia, hesabu), alikuwa anataka NIT, chuo cha usafirishaji pale Mabibo akasome mambo ya magari. Nikamwambia gereji si kazi ya mtoto wangu. Akaenda, akasoma usiku kucha, tuisheni likizo zote, nililipa. Matokeo yakatoka ana S moja na F mbili. Digrii wanataka prinsipo mbili (masomo mawili yenye A mpaka E) na jumla ya pointi 4, mfano D mbili au C na E, yeye hana. Unajua ilibidi afanyeje? Alirudi kuomba diploma kwa cheti kilekile cha kidato cha nne! Miaka miwili na nusu ukijumlisha na ile ya kusubiri matokeo, imepotea bure. Na sio miaka tu mzee, mtoto alikuwa hatoki ndani, chakula anapelekewa mlangoni. Mpaka leo tukiongea naye kuna kitu kimekatika, anaitika vizuri, ananisalimia vizuri, ila mambo yake haniambii.

Hilo la milango kufunguka ni kweli kwa anayefaulu. Asiyefaulu advansi anabaki na mlango uleule aliouacha.

Fundi Viyoyozi

Mama Wawili umenigusa. Mimi ni wa ile 2012. Wakongwe mnaikumbuka, zaidi ya nusu ya watahiniwa tulipata sifuri, waziri mkuu Pinda akaunda tume, matokeo yakafutwa yakapangwa upya. Februari 2013 mimi nilikuwa sifuri, Mei nikawa four, pepa zilezile mkono uleule! Kuanzia siku hiyo matokeo nayaheshimu lakini siyaabudu.

Baba akataka nirisiti, nirudie mtihani. Mjomba ndo akanichukua akaniuliza wewe ukiwa peke yako unafanyaga nini? Nikamwambia nafungua redio. Akanipeleka VETA Chang'ombe. Leo friji za Kariakoo zote zinanijua kwa jina. Sisemi kila mtoto aende VETA, na huyu wa baba Binti ana B za sayansi ni hazina. Nachosema mjomba aliniuliza swali, baba yangu hajawahi kuniuliza mpaka anafariki.

Dada wa Maabara Temeke

Naomba nitoe somo kidogo maana ndo kazi yangu. Mimi nina diploma ya maabara, niliingia kwa D za fizikia, kemia na biolojia na nyingine moja. Ni miaka mitatu, ngazi za elimu ya ufundi NTA level 4, 5 mpaka 6. Mzee wa Tegeta anasema mtoto anafungwa, hafungwi. Mwenye diploma yenye GPA kuanzia 3.0 na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne anaomba digrii inayoendana na fani yake kama wengine, ndo utaratibu wa TCU, tume ya vyuo vikuu. Mimi nilifanya kazi miaka miwili nikarudi kusoma digrii, wenzangu waliotokea advansi walikuwa hawajawahi kushika hadubini ya hospitali.

Kwa kuwa nilipitia mwenyewe nawaambia na ubaya wake. Diploma ya afya ina usumbufu wa ajira, wahitimu ni wengi na nafasi zikitangazwa mnagombania kama daladala la Gongo la Mboto saa kumi na mbili. Na vyuo vya mchongo vipo. Rafiki yangu alilipa ada ya mwaka mzima kwenye chuo nisichokitaja, kozi yenyewe ikaja kuonekana haijasajiliwa. Kabla ya kutoa hata mia ingia NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, uangalie chuo kimesajiliwa na hiyo KOZI imesajiliwa, ni vitu viwili tofauti, wengi wanaangalia chuo tu. Kuhusu ada, Bodi ya Mikopo tangu 2023/24 inakopesha na diploma kwa fani za kipaumbele na baadhi ya kozi za afya zimo. Sio wote wanapata ila kuomba ni haki yake.

Konda Msomi

Mi nasoma tu nacheka, hii "bila ada" ya advansi baba Binti ushaiona fomu ya kujiunga? Godoro, tranka, ndoo mbili, rimu, fagio, jembe, shuka rangi maalum, halafu kapangiwa Kigoma, nauli kwenda na kurudi mara mbili kwa mwaka na kila likizo tuisheni. Piga hesabu ndugu yangu uje na jumla, usije ukakuta milioni inakuchungulia. Kweli chuo bado ni ghali zaidi, ila usihesabu upande mmoja.

Mzee wa Tegeta

Marahaba mama Wawili, na pole sana. Hilo la mwanao nimelielewa. Ila bado nauliza, kila mtoto akiachiwa si wote watataka kuwa wasanii na kucheza mpira? Wangu wa mwisho kaniambia anataka kuchekesha watu kwenye simu.

Mama Wawili

Hahaha mzee. Hapana, kumwachia sio kumtupa. Mdogo wake nilifanya hivi, kabla ya moki ya mkoa tulikaa mkekani tukaandika anachokiweza, anachokipenda na kitu mfuko wangu unaweza, tukatafuta panapokutana. Alitaka sheria, Kiingereza kwake mlima, akaona mwenyewe kwenye matokeo ya moki, sikumwambia neno. Akaamua HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) aitupe, akachukua HGE (historia, jiografia, uchumi). Na kuna kitu kingine hatukisemi, mtoto anayejua anaenda wapi anasoma tofauti. Yule wa kwanza nilikuwa namgombeza saa kumi alfajiri aamke asome, huyu wa pili namgombeza alale! Saa nne usiku taa nazima, simu nakaa nayo mimi, asubuhi uji na yai. Nilikataa kambi pia. Shule zinashindana mabango tu, NECTA wenyewe tangu Januari 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, lakini ukipita Kimara na Mbezi sura za watoto bado zimening'inia barabarani na pointi zao kama bei za nyanya.

Mwl wa Hesabu Mbagala

Mama hapo kwa kambi unaniharibia mkate, haha. Kambi inasaidia mtoto anayeishi chumba kimoja watu sita, taa ya kuhangaika na redio ya jirani. Kwa yule mwenye meza kwao, kweli akae kwao. Ila hoja yako ya mkekani naichukua, nitaipeleka kikao cha wazazi tarehe yoyote watakayokuja.

Swali kwa baba Binti. Tumeongea wote humu, binti mwenyewe amesemaje? Sababu yake ya kutaka maabara ni ipi? Maana tangu mwanzo umetuambia alichosema, sababu yake hujatuambia.

Baba Binti wa Kimara

Mwalimu nilisoma swali lako nikiwa dukani, nikaona aibu, kwa sababu sikumuuliza. Nimefunga mapema leo. Tumekaa na binti nje kama saa moja na nusu hivi.

Cha kwanza kaniambia ile C ya fizikia hakuielewa fizikia, alikariri pepa za nyuma zote na majibu yake, mwalimu wao wa fizikia alihama wakiwa kidato cha tatu wakakaa miezi bila mwalimu. Mi nilikuwa sijui! Nalipa tuisheni Jumamosi najua mambo yako sawa. Cha pili, bibi yake alivyolazwa mwaka juzi yeye ndo alikuwa anapeleka vile vikopo maabara na kufuata majibu, akawa anachungulia dirishani wanavyofanya. Yule kaka wa pale akawa anamuelekeza kidogokidogo. Siku bibi kagundulika na typhoid binti alikuwa ameshaona kwenye hadubini vijidudu vingine vya mgonjwa mwingine, anasimulia macho yanawaka, hiyo sura sijaiona akiongelea shule hata siku moja.

Nikamuuliza na udaktari je, hutaki? Akasema nautaka baba, ila nianzie kwenye kitu ninachokiweza nikishakaa vizuri niende. Sikuwa na jibu.

Mzee wa Tegeta usinichukie, mi sasa nimelegea. Nilichobaki nacho ni hela. Tumekubaliana machaguo yabadilishwe, vyuo vya afya vya serikali viwe juu na CBG (kemia, biolojia, jiografia) ibaki chini yake endapo vikigoma, maana jiografia ana C na hata CBG ina hiyo BAM, mwalimu usinicheke. Dada wa Maabara, vya serikali vyenye maabara unavishauri vipi, na hiyo mikopo ya diploma anaomba kabla ya kupata chuo au baada? Na vyeti vya kuzaliwa vyetu viko kijijini, nianze kuhangaika RITA sasa hivi au bado mapema?

Dada wa Maabara Temeke

Baba anza RITA kesho asubuhi. Mengine njoo pm nakuelekeza, na umpe simu binti aongee mwenyewe.