MREJESHO: kisigino changu kilichokuwa kikiuma nikikimbia ufukweni Shela, Lamu

Asalaam aleikum wandugu, ni mimi niliyeuliza kuhusu ile kano kubwa nyuma ya kisigino, asubuhi nikishuka kitandani nachechemea mpaka ipate moto. Ahsanteni sana mlionisukuma niende kwa fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo.

Kumbe kosa lilikuwa mchanga mtifu wa Shela, kisigino kinazama kano inavutika, na juu yake nilitoka kilomita 20 kwa wiki nikaruka hadi 45. Fizio hakuniambia nipumzike tu, alinipa zoezi la ngazi: nasimama kwa vidole ukingoni, napanda kwa miguu yote miwili, nashuka polepole kwa ule unaouma tu, mara 15 seti 3, asubuhi na jioni, wiki 12. Nilifanyia barazani kwetu, mama akaniuliza wafanyani hapo mwanangu. Wiki 2 za mwanzo iliuma zaidi, karibu niache wallahi.

Ila kama wauma pale kano inaposhika mfupa, usishushe kisigino chini ya ngazi, fanya sakafuni.

Dawa za maumivu za diklofenaki kabla ya kukimbia nimeacha, zilikuwa zinanificha maumivu. Sasa nangoja maji ya bahari yatoke nikimbie mchanga mgumu, kilomita 5, kesho yake kano ikikaza napunguza. Jana nimeshuka kitandani bila kuchechemea, alhamdulillah.